Sandarusi ya Kiwandani

Karakana ilikuwa Kigamboni, karibu sana na maji, na kazi yangu ya kwanza pale ilikuwa kuosha brashi. Mafundi walikuwa wakitengeneza boti za faiba: wanatandika kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya kalibu, wanakilowesha resini, wanakipitishia rola mpaka mapovu yote yatoke. Baadaye nikapandishwa cheo, nikawa mchanganyaji. Unamimina resini kwenye kikombe cha plastiki, unatia dawa ya kugandisha kwa matone ya kuhesabu, unakoroga, unakimbia nayo kwa fundi kabla haijakugandia mkononi. Resini ya boti ina harufu inayokufuata mpaka kitandani. Mama mdogo niliyekuwa nikiishi kwake alinikataza kuingia ndani na nguo za kazi.

Ijumaa moja tulifunga mapema kwenda kuswali, nikasahau kikombe dirishani kikiwa na baki la resini, kimo cha vidole viwili. Kesho yake asubuhi nikakikuta kimeganda kama jiwe na jua linapenya ndani yake. Ukutani, upande wa pili, palikuwa na doa la mwanga rangi ya chai kavu. Nikasogeza kikombe, doa likasogea. Nikaichana plastiki, nikabaki na kibonge kizito, laini chini, kimeyumba juu pale kilipokuwa kimeinama kidogo.

"Dogo, hiyo ni hasara umeshika," fundi mkuu akaniambia. Nikaitia hasara mfukoni.

Wiki chache mbele nilikwenda Kilwa Kivinje kumwona bibi, mama yake baba. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umenichelewea wee."

Nikampa kile kibonge bila ya kumwambia ni nini. Akakiinua kwenye jua. Akakisugua kwenye pindo la kanga, akakinusa. Akakigonga kwenye jino. Kisha akauliza, "Sandarusi hii umeitoa wapi?"

Nilicheka, maana kwa mtu wa rika langu sandarusi ni mfuko, ule wa nailoni unaotiwa mahindi na mchele. Sikujua kwamba jina limehama kutoka kwenye kitu kingine. Bibi ndiye aliyenieleza kwamba sandarusi ni utomvu wa mti, msandarusi, ambao umedondoka na kufukiwa ardhini miaka na miaka mpaka ukawa mgumu. Baba yake aliwahi kuichimba ujanani, huko bara ya Kilwa, baada ya mvua udongo unapolainika. Mashimo mafupi, ya kufika kiunoni tu. Ukiitoa ina gamba la udongo, na ukiliosha gamba unakuta ngozi yenye vipele vidogovidogo kama ya bata aliyenyonyolewa. Ndani, wakati mwingine, yumo mchwa au nzi, mzima, na mbawa zake. Ile inayotoka mtini ikiwa mbichi haikuwa na bei. Hiyo wakiiita chakazi.

Baadaye nilisoma mwenyewe na kuona kwamba hadithi ya bibi ilikuwa kipande cha hadithi kubwa. Karne ya 19 sandarusi ya mrima, yaani pwani ya bara, ilikuwa moja ya bidhaa kuu za bandari ya Unguja, pamoja na pembe za ndovu na karafuu. Meli zilikuwa zikija kutoka Salem, Massachusetts, kuibeba ikatengenezwe vanishi za samani na magari ya farasi. Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na sandarusi ilikuwa miongoni mwa mizigo iliyoufanya mkataba huo uwe na maana. Kwa hiyo nyumba nyingi za ng'ambo zimewahi kung'aa kwa utomvu uliochimbwa na watu kama baba yake bibi. Sijui kwa nini hili hatukufundishwa shuleni, wakati karafuu tulifundishwa mpaka tukachoka.

Mimi lakini sikushikwa na historia. Nilishikwa na ile ishara ya bibi ya kukiinua kitu kwenye jua kabla ya kukifanya chochote kingine. Nikataka kutengeneza vitu vya kuinuliwa kwenye jua.

Miaka miwili ya kwanza niliharibu pesa. Resini ya boti niliiacha, nikahamia epoksi, ambayo haina harufu kali na inakaa angavu zaidi. Epoksi huja chupa mbili, resini yenyewe na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha. Chupa niliyonunua iliandikwa mbili kwa moja. Nami nikaona nifanye kitaalamu, nikapima kwa mizani ya jikoni. Kumbe kile kipimo ni cha ujazo, na hadina ni nyepesi kuliko resini, kwa hiyo ukipima kwa uzito unatia hadina ya kupindukia. Kazi yangu ya kwanza mpaka leo inanata. Ninayo stoo, imekamata vumbi na mbu watatu, na kila nikijiona fundi naenda kuigusa.

Kazi ya pili iliwaka. Niliona tabaka moja moja linachelewesha, nikachanganya lita nne kwenye ndoo ili nimimine mara moja. Epoksi ikigandishwa hutoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto lile halina pa kutokea, linajipandisha lenyewe. Dar es Salaam, mwezi wa pili, saa nane mchana. Ndoo ikaanza kutoa moshi, ubavu ukalainika, mchanganyiko ukapasuka kwa sauti kama kuni mbichi. Jirani akaja na ndoo ya mchanga. Tangu siku hiyo humimina unene wa sentimita moja, nasubiri juu pafikie hali ya kunata bila kuchafua kidole, ndipo naweka tabaka jingine. Tena namimina usiku, joto linapopungua.

Hiyo ya usiku ilinizulia maneno. Kijana peke yake kwenye kibanda, saa saba za usiku, barakoa usoni, taa inawaka na kuzimika. Nilipomsimulia bibi kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Watasema mwanga wewe." Kiswahili hakikuona taabu kuweka neno moja kwa kile kinachoondoa giza na kwa mtu anayeruka na ungo gizani. Bibi kwa upande wake alikuwa akitenga: mwanga ni wa taa, nuru ni ya Mungu na ya uso wa mtu mwema. Nami nilikuwa bado nashughulika na mwanga.

Wakati huo nilikuwa nasoma kwenye simu juu ya yeyote aliyewahi kufanya kazi na resini. Nikakuta kwamba kule California, miaka ya 1960, palikuwa na kundi zima la wasanii waliochukua vifaa vya viwandani ili kushika mwanga. Mmoja wao, Peter Alexander, alikuwa akitengeneza ubao wake wa kutelezea mawimbi alipoona resini iliyoganda kwenye kikombe cha karatasi, na hapo ndipo kazi yake ilipoanzia. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Boti na kikombe! Nilijiona nimepata ndugu. Lakini nikasoma pia kwamba mwaka 1972 aliiacha resini kwa sababu ya sumu yake, na hapo nikavitazama viganja vyangu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na upele viganjani na shingoni ambao niliulaumu sabuni. Ulikuwa epoksi mbichi. Mwili ukishaikataa haisahau, hata tone dogo linarudisha upele. Sasa sigusi chupa bila glovu na barakoa yenye chujio la mkaa, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawaambia hilo kabla sijawaambia jina langu.

Aliyenifurahisha zaidi alikuwa Fred Eversley, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1941, mhandisi wa umeme aliyefanya kazi zilizohusu mambo ya anga kabla ya ajali ya gari ya mwaka 1967 kumgeuzia njia akaingia kwenye sanaa. Yeye alikuwa akimimina resini ya rangi kwenye kalibu inayozunguka, tabaka juu ya tabaka. Kimiminika kikizungushwa, katikati huzama na kingo hupanda, kinapata umbo la bakuli lisilo na kosa hata chembe, umbo lilelile la dishi la setilaiti. Inasimuliwa kwamba utotoni alijaribu jambo hilo kwa kuzungusha jeli ya kula juu ya mashine ya santuri. Basi nami nikachukua mota ya feni bovu. Sitaeleza mengi. Feni hata ikiwa bovu ina mbio kuliko santuri, na kuibandua resini kwenye dari kulinichukua siku mbili.

Kipindi chote hicho nilikuwa nafukuzia vitu viwili: uangavu na rangi ya sandarusi. Uangavu ulinigharimu msasa. Unaanza na namba 120, unapanda 240, 400, 800, ukifika 1500 unasugua kwa maji, halafu 3000, halafu dawa ya kung'arisha. Katikati ya safari hiyo kitu kinakuwa cheupe, kimefifia kama kioo cha dirisha la bafu, na unaogopa kwamba umekiua. Ukikimwagia maji kinarudi angavu papo hapo, maana maji yanajaza yale makwaruzo. Yakikauka, kinafifia tena. Nimewahi kukaa kando ya ndoo ya maji nikifanya hivyo kwa nusu saa, nakilowesha, nakiacha kikauke, bila sababu yoyote ya kikazi.

Lakini nilipokipata kipande kilicho angavu kabisa, kisicho na kiputo wala doa, na kuweka taa nyuma yake, hakikuonekana. Uliona taa. Mwanga ulikuwa unapita kama abiria asiye na mzigo, haushuki popote. Miezi mitatu ya msasa, na nilichokuwa nacho ni dirisha zito.

Rangi nayo ilinisumbua. Nilitia njano, ikawa mafuta ya kupikia. Nikaongeza nyekundu kidogo, ikawa soda. Kahawia ikageuka chupa ya dawa ya kikohozi. Hakuna hata moja iliyofanana na kile kibonge bibi alichogonga kwenye jino.

Hapa katikati ndipo alipokuja mteja. Alikuwa anajenga nyumba ya wageni, akaona picha za kazi zangu, akataka meza ya sebule ya mapokezi: mbao pembeni, resini katikati, ndani ya resini jina la Mwenyezi Mungu kwa hati ya Kiarabu, na taa chini ili jina liwake usiku. Alitaja milioni moja na nusu. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi minne.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha juzuu nikiwa mdogo. Nikamweleza kwa namna ya kumvuta upande wangu. Nikamkumbusha Aya ya Nuru, ile ya 35 katika Surat An-Nur, ambapo nuru ya Mwenyezi Mungu inapigiwa mfano wa shubaka lenye taa, na taa imo ndani ya kioo, na kioo ni kama nyota inayometa, na mafuta yake yanakaribia kuwaka ingawa moto haujayagusa. Nikasema, basi resini ndiyo kioo, mwalimu, na jina ndilo taa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na juu ya meza wataweka nini?"

Nikasema funguo. Vikombe. Labda miguu, wageni wengine hawana adabu.

"Aya imetaja shubaka," akasema. "Meza haikutaja."

Nilimrudishia mteja salamu na udhuru. Sikufanya hivyo kwa moyo mkunjufu, nisijipambe. Nilinung'unika wiki nzima. Kodi niliilipa kwa kutengeneza vishikio vya funguo vyenye magamba ya kome, vipande mia mbili na hamsini, na mpaka leo nikiona kome nakunja uso. Lakini neno shubaka lilibaki linanizunguka. Shubaka ndilo sisi tunaliita kidaka, kile kishimo cha ukutani kwenye nyumba za mawe na chokaa. Kingine huwekwa msahafu, kingine vyombo vya kauri kwenye nyumba za wenye nazo, na kile cha karibu na mlango huwekwa taa. Nyumba ya bibi Kivinje ina kimoja kando ya mlango wa chumba chake, cheusi kwa masizi ya koroboi za vizazi vitatu. Nimelala mkabala nacho utoto wangu wote.

Nikaamua kukitengenezea uso wa resini, sentimita 30 kwa 45, unene nne. Matabaka manne.

Sasa, kosa. Kwenye rafu palikuwa na kichupa cha rangi nyeupe ya resini nilichotumia kwenye kazi nyingine, na kikorogeo hakikuoshwa vizuri. Tabaka la kwanza likapata weupe, kidogo sana, kama maji ya mchele yaliyooshwa mara ya tatu. Nilikasirika, nikaweka kipande pembeni. Asubuhi nikakipita kimeegemea dirisha, na nilipokitazama kwa ubavu kilikuwa na ubuluu, buluu ya moshi wa jikoni. Nikazunguka upande wa pili, jua likiwa nyuma yake. Rangi ilikuwa sandarusi.

Hapakuwa na njano ndani. Hata tone. Palikuwa na chembe nyeupe tu, ndogo mno, zimetawanyika. Nikaja kujua kwamba ndivyo lilivyo hata jua la magharibi: mwanga mweupe ukipita kwenye chembe ndogo sana, ubuluu wake hutawanywa pembeni na wekundu na unjano huendelea mbele. Unaweza kuyaona mambo haya nyumbani kwa glasi ya maji, matone machache ya maziwa, na tochi ya simu. Rangi niliyoinunua kwa chupa miaka miwili ilikuwemo kwenye jua siku zote. Kilichotakiwa ni kitu cha kuizuia ile nyingine, kidogo tu, na kuiachia hii ipite.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimefanya bidii kuondoa kila kitu ndani ya resini ili mwanga upite, halafu bidii nyingine ya kuutia rangi nisiyokuwa nayo. Hata lile jina kwenye meza ya mteja lilikuwa ni bidii hiyohiyo. Nilitaka kuiandikia nuru kwamba ni nuru.

Majaribio ya kupata kipimo yalichukua mvua nzima ya masika, ambao ni msimu mbaya wa epoksi. Hewa ikiwa na unyevu, uso wa tabaka hutoka jasho, utelezi kama wa nta. Usipouosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kumimina tena, unapata ukungu katikati. Kipande kimoja kiliniganda na ukungu mzuri ajabu, kama alfajiri juu ya mikoko, nikajisifu kwamba nimepata siri. Baada ya miezi minane matabaka yakaachana kama kitabu kilicholowa. Sio kila kosa lina baraka ndani yake, mengine ni uchafu tu. Mwisho nikatulia kwenye tone moja la weupe kwa kila tabaka, lililokorogwa kwanza kwenye kijiko cha resini ili lisibaki na mabonge.

Nilikipeleka Kivinje kwa basi, nimekipakata kama mtoto, kimefungwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Kondakta alitaka kukiweka kwenye buti, nikamlipa kiti cha pili.

Bibi wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lile la kulia daktari alikuwa bado hajalifanyia upasuaji. Mboni ilikuwa imegeuka ile rangi, nasema kweli, rangi ile niliyokuwa naitafuta. Nyuso hakuzitambua tena, alitambua sauti na miondoko. Nikakifunga kipande kwenye kidaka kwa vipapi viwili vya mti, nikaacha nafasi juu moshi na joto vipate njia, maana epoksi ikipata moto hulainika. Nyuma yake nikaweka taa ndogo ya sola. Ikaonyesha vidoa, vitone vitone vya balbu zake. Nikaisogeza nyuma, nikaweka karatasi, bado. Umeme ulikuwa umekatika mtaani, na mjomba akaleta koroboi, akaiwasha, akaisukuma mle ndani, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye resini.

Chumba kikajaa pole pole. Utambi ulikuwa ukicheza na uso wote wa kidaka ukawa unapumua, buluu kidogo kwenye kingo, katikati sandarusi. Mjomba, ambaye kwa kawaida huulizia bei, alinyamaza.

Bibi alikuwa kitandani ameelekea ukutani. Akageuka.

"Nani kafungua mlango?"

"Hakuna bibi. Ni kidaka."

Akatazama, kichwa kimeinama upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Mkono ukapapasa hewani ukatulia uelekeo wa pale pale penye taa. Nilisubiri aseme ni sandarusi. Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo tangu Dar es Salaam.

"Sogea kushoto," akasema, "unanizibia."

Nikasogea. Akaendelea kutazama kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza, sikujua kama ni nyiradi au anahesabu kitu. Mjomba akatoka kwenda kuangalia kama umeme umerudi. Mimi nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, nikitazama alichokuwa anatazama.

"Mume wangu."

"Naam bibi."

"Mafuta ya taa siku hizi bei gani?"

Nikamtajia.

"Basi punguza huo utambi. Usizime, punguza tu."